Bibi shamba wa nyanya: nijenge jina TikTok, Facebook au LinkedIn?

BintiWaIlula

Habari za jioni wakuu. Mimi ni bibi shamba, nimesoma SUA (chuo kikuu cha kilimo, Morogoro), sasa nipo Ilula, Iringa. Sijaajiriwa. Wakulima wa nyanya wananilipa niwakagulie mashamba: naangalia kantangaze (kiwavi anayechimba majani na matunda), bakajani, mnyauko, nawapangia ratiba ya mbolea na kupulizia. Msimu ukichanganya kazi ipo, ila wanaonijua ni wa hapa hapa. Nataka hata mtu wa Lushoto au Ngarenanyuki akiulizia mtaalamu wa nyanya, jina langu litajwe.

Sasa kila mtu ana lake. Mdogo wangu anasema TikTok. Niliosoma nao wamejaa LinkedIn wanapongezana. Shangazi anauza vitenge Instagram, kwake kwingine kote ni kuchoma bando. Mimi nina simu moja ya Tecno, asubuhi nzima nipo shambani, na nguvu ninayo ya sehemu moja, mbili nikijikaza. Nianzie wapi? Tafadhali msinijibu "kote".

Kijana_wa_Video

TikTok dada, usiumize kichwa. Kule hata akaunti mpya isiyo na wafuasi video yake inaweza kusukumwa kwa watu wasiokujua. Shika jani lililochorwa na kantangaze, lipasue, toa kiwavi tumuone, ongea nusu dakika, umemaliza. Instagram hadi wakujue utakuwa bibi kweli 😂

DktKuku_Kibaha

Mdogo wangu, mimi ni wa kuku, lakini wateja wetu wanafanana: hawatutafuti wakiwa na raha. Wangu ananitafuta vifaranga vikianza kufa. Kwa hiyo acha kwanza habari ya mtandao upi una watu wengi. Jiulize, mkulima wa Ngarenanyuki akiingia shambani akakuta miche imelala, anafanya nini na simu yake?

Ninavyowajua mimi, anapiga picha. Anaitupa kwenye grupu la WhatsApp la wenzake, na majibu yakigongana anaipeleka Facebook kwenye magrupu ya kilimo. Mwenye subira anaingia YouTube anaandika "dawa ya mnyauko wa nyanya". LinkedIn hafungui mtu hapo.

Facebook vijana mnaicheka, sawa. Wenye mashamba yao bado wapo kule. Mimi ukurasa wangu haukunijenga, nilijengwa na kujibu maswali ya watu. Mtu anaandika kuku wanashusha mabawa, wanapinda shingo. Chini yake foleni ya watu wanamtajia dawa, na huo ukiwa mdondo ni virusi, dawa ya kuutibu haipo. Mimi namuuliza: wana umri gani, walichanjwa lini, kinyesi kina rangi gani? Anajibu, tunaenda hatua kwa hatua, na mamia ya wengine wanasoma kimya kimya. Siku yao ikifika wanapiga simu. Ukiuliza vizuri watu wanajua huyu si muuza dawa.

YouTube iwe ghala lako. Video yangu ya kulea vifaranga wiki za mwanzo niliiweka kabla ya Korona, mpaka leo inaniletea wateja, kwa sababu watu wanaitafuta kwa kuandika. Hata kichwa chake nilikiandika kama mfugaji anavyouliza, si kama tulivyofundishwa chuoni. TikTok ya kijana hapo juu siikatai, ila video nyingi kule zikishapita zimepita.

Usipige hesabu za kulipwa na mitandao yenyewe. YouTube kukugawia hela ya matangazo wanataka wafuasi 1,000 na, kwa video ndefu, saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Mpango wa TikTok wa kulipa watengeneza video, Tanzania haimo. Hela yako ni ada ya kukagua shamba, basi.

WhatsApp: grupu mwisho watu 1,024, na usipolisimamia litajaa matangazo ya mikopo. Chaneli haina ukomo huo, lakini wafuasi wake namba zao huzioni. Kwa hiyo kila anayekupigia mwandike kwenye daftari: jina, kijiji, ekari, amepanda lini. Mei 2025 X ilipozuiwa hapa nchini, waliokuwa wameweka kila kitu kule walibaki kuhangaika na VPN. Daftari halizuiwi.

MamaMiradi

LinkedIn usiitupe kabisa, mwanangu. Naajiri watu wa miradi ya kilimo, na CV ikinifikia lazima nitafute jina. Nikikuta joho la mahafali na "mwenye shauku ya kuleta mabadiliko", napita. Nikikuta shamba moja, picha ya kabla na ya baada, na maelezo ya ulichofanya katikati, napiga simu. Posti moja kwa mwezi inatosha.

Halafu tumia jina moja kila mahali. Kuna kijana hodari nilimkosa hivi hivi: Facebook anajiita Bosi wa Shamba, kwenye cheti ni mtu mwingine kabisa.

BintiWaIlula

Shikamoo dokta, shikamoo mama. Basi naanza na magrupu ya Facebook na YouTube. Video ya kwanza ninayo kichwani: unakata shina la mche ulionyauka, unalining'iniza kwenye glasi ya maji safi, ukiona ute mweupe unatiririka kama moshi, huo ni mnyauko wa bakteria, usipoteze hela kwa dawa ya ukungu. Kaka wa TikTok, kipande chake nitakirusha na kule, si nimesharekodi.

Swali la mwisho. Duka moja la pembejeo limeniahidi hela nikionyesha dawa yao ya kantangaze kwenye video. Nichukue?

DktKuku_Kibaha

Marahaba. Ile ya glasi irekodi kesho, hata bila mimi kuambiwa zaidi naiona inasambaa.

Ya duka, taratibu. Wakikulipa ufundishe kuvaa barakoa na glavu, kupima dozi, kuheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna, chukua, na useme kwenye video kwamba umelipwa. Kuisifia dawa usichukue. Kantangaze huzoea dawa, wewe unajua kuliko mimi. Mtu akipuliza asione kitu, hatalilaumu duka, atasema yule dada wa Ilula. Na kama haijasajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, usiishike hata bure.

Kiambata chake, yaani kemikali yenyewe inayoua mdudu, ni nini? Piga picha ya lebo uiweke hapa, wa nyanya wenzako waione.