Ushauri: Fungate Norway mwezi Januari, makoti ya baridi ninunue wapi?

Nyota ya Kusini: Wakuu, habari za jioni. Mimi na mume wangu tunakwenda Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norway, kuona mwanga wa kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku. Nafundisha jiografia, ndoto hii ninayo tangu nikiwa mwanafunzi. Makoti nichukue mtumba wa Karume au nisubiri kule? Nina wasiwasi, hata usingizi sipati.

Mzee wa Makete: Baridi ni mazoea, binti yangu. Huku kwetu Juni majani ya viazi yanaungua kwa barafu na watu wako shamba na kandambili. Shemeji yangu wa Tanga alikuja mara moja, akalala na viatu. Hajarudi tena.

Kaka wa Bergen: Mkondo wa bahari wenye joto unaibeba Tromsø, wastani wa Januari ni kama hasi 4 tu. Giza ndilo litakalokushangaza: jua halichomozi kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Karume panatosha, ila nguo za ndani ziwe za sufu. Viza mmepata?

Shangazi Mkweli: Hela hiyo mngeanzia kiwanja.

Nyota ya Kusini: Kiwanja tunacho, Shangazi. Nauliza makoti.

Kaka wa Bergen: Dada, nimeuliza viza.

Nyota ya Kusini: Tunawasilisha Jumatatu. Tiketi tumeshalipa, zilishuka bei, hazirudishwi. Ila mwaka jana niliomba nikanyimwa. Safari hii sitaji, nina pasipoti mpya.

Kaka wa Bergen: Usithubutu! Alama za vidole na rekodi ya kunyimwa hukaa kwenye mfumo wa Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hadi miaka 5. Pasipoti mpya haifuti kitu.

Nyota ya Kusini: Nikisema nilinyimwa nani atanipa? Na wakiona tiketi imelipwa watajua tuna nia.

Chumvi Kidogo: Hii chai. Mwalimu, tiketi mbili za Ulaya, halafu Januari shule zinafunguliwa! Likizo kakupa nani?

Jirani wa Kimara: Tena ina tangawizi. Tupia tiketi hapa.

Nyota ya Kusini: Si chai jamani. Mume wangu ana karakana ya alumini Buguruni, kalipa yeye. Likizo mkuu wa shule amekubali kwa mdomo.

Kaka wa Bergen: Kwa mdomo? Mwaka jana walikunyima kwa sababu gani?

Nyota ya Kusini: Kwamba hawana hakika nitarudi.

Kaka wa Bergen: Barua ya mwajiri uliweka?

Nyota ya Kusini: Hapana. Ni lazima ipite kwa mkurugenzi wa halmashauri, inachukua muda.

Kaka wa Bergen: Basi sogeza mbele miadi ya Jumatatu. Wanapokea maombi hadi siku 15 kabla ya safari, ila usifike huko. Pata barua, weka cheti cha ndoa na taarifa za benki za karakana, kunyimwa kutaje.

Shangazi Mkweli: Na hati ya kiwanja pia, mwanangu. Iweke juu kabisa.

Chumvi Kidogo: Tiketi bado sijaiona.