Naomba ushauri: data za DHS darasani bila kuvunja masharti

Habari wakuu. Nafundisha takwimu kwa programu ya R, na nataka darasa litumie faili la wanawake la DHS Tanzania 2022 (utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya). Hesabu hazinisumbui: v005 (uzito wa sampuli) tunaigawanya kwa 1,000,000, kisha tunatumia svydesign, amri ya R ya kueleza muundo wa sampuli, v021 ikiwa kundi na v023 tabaka. Ukiruka hatua hiyo, kwa kawaida makosa sanifu (kipimo cha kutokuwa na uhakika wa makadirio) hutoka madogo kuliko inavyostahili.

Kinachonikwamisha ni ruhusa. Masharti hayaruhusu kumpa faili mtu asiyesajiliwa, hivyo kulirusha kwenye grupu la WhatsApp (tabia yetu hiyo) ni kosa, hata kama halina majina. Je, niwaombee ruhusa wanafunzi wote chini ya mradi mmoja, au nitumie data za mazoezi za DHS wenyewe? Hizo ni za kubuni, nami nahofia wanafunzi watanukuu matokeo yake kama ya Tanzania. Mnazuiaje hilo?