Naomba ushauri: hadithi ya jini isiyo na vita itasomeka?

Wakuu, habari za muda huu. Naandika hadithi ya kubuni, nimekwama sura ya pili. Mhusika wangu ni jini aliyechoka kupanda watu vichwani, kafungua kibanda cha vitumbua Pangani. Hakuna vita wala mfalme wa kupinduliwa. Shida yake ni moto wa mkaa: akiukaribia unazimika (na yeye kaumbwa kwa moto!), huku unga umeumuka unamwagika bakulini na wateja wa alfajiri wanagonga vikombe.

Wenzetu wa nje wanazipenda sana hadithi hizi zisizo na vita. Legends & Lattes, riwaya ya Travis Baldree, ya mwaka 2022, inamhusu zimwi wa kike anayeweka upanga chini na kufungua mgahawa wa kahawa. Nami nikitoka kazini nimechoka, ndizo ninazozitaka. Za damu nimeshiba.

Sasa rafiki kasoma, kauliza, "Mbona hakuna kinachotokea?" Sitaki kuchomeka mganga mbaya ili tu pawe na ugomvi. Mnaoandika, msomaji mnamshikaje kwa jambo dogo hivi? Nimlete mapema jirani mchokozi, au moto peke yake unatosha? Halafu msomaji wetu akisikia jini, si atasubiri kutishwa tu?