GARI JIPYA, INJINI INA KUTU, ETI KOSA NI UPEPO WA MALINDI!

Wadau, nisipolisema hili nitapasuka. Nimenunua pikapu zero kilomita kutoka shoruumu moja ya Mombasa. Nimelipa pesa za gari jipya, si za mtumba wa Japani. Nimeifikisha nyumbani Malindi, servisi ya kwanza bado, fundi wangu wa Maweni anafungua boneti afunge king'ora, ananiita: "Mzee, njoo uone." Vichwa vya bolti vyekundu, kishikio cha alteneta chekundu, klipu za hosi za radieta ndiyo usiseme. Siku ya kukabidhiwa injini ilikuwa inang'aa kwa dawa waliyoipulizia. Dawa imekauka, aibu imetoka nje.

Kabla mtu hajaniandikia "hiyo ni kawaida": manifoldi ya ekzosi najua ni chuma cha kusubu, huachwa bila rangi, na hugeuka nyekundu mapema. Diski za breki nazo zikilala na umande huamka na rangi ya chungwa, ukikanyaga breki mara mbili tatu inafutika. Hayo silalamikii hata kidogo. Nalalamikia bolti na vishikio, vitu vilivyopakwa zinki makusudi visishike kutu.

Nikampigia yule aliyeniuzia. Kwanza: "Bosi, hiyo ni kutu ya juu juu tu, kila gari inayo." Nikambana. Akageuza: "Malindi kuna chumvi sana bosi, hayo ni mazingira yako." Sasa ni ipi? Kama kila gari inayo, Malindi inaingiaje? Na kama ni chumvi, kwani yadi yenu iko Nakuru? Magari yamepangwa juani na mvuani, Bahari ya Hindi inaonekana pale pale getini, halafu upepo wenye makosa ni wa kwetu!

Haya, tuifuate hiyo hoja yake ya chumvi. Ni kweli chumvi hula chuma. Unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75, chembe za chumvi zilizotua kwenye chuma huvuta maji na kuyeyuka zenyewe, hata mvua isiponyesha, na usiku wetu wa pwani hufika hapo bila shida. Lakini bolti iliyopakwa zinki haianzi kwa wekundu. Zinki huliwa kwanza, unaona unga mweupe, na ikiisha ndipo chuma chenyewe kinaanza. Zinki ya bolti za kawaida huwa na unene wa kama mikroni 5 hadi 8 (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Viwango vya kimataifa vya ISO 9223 vinasema hewa kali ya bahari, kundi la C5, hula zinki mikroni 4.2 hadi 8.4 kwa mwaka. Kwa MWAKA, jamani. Gari langu halijamaliza hata mafuta ya kwanza ya injini! Kwa hiyo akisema ni chumvi, amejishitaki mwenyewe: hiyo chumvi imelila gari likiwa mikononi mwao.

Nikaenda kwenye tairi. Tarakimu nne za mwisho za ile alama ya DOT, mbili ni wiki na mbili ni mwaka wa kutengenezwa. Zote, pamoja na spea, zimetoka kiwandani zaidi ya mwaka mmoja kabla sijalipa. Lebo za mikanda ya viti zinasema hivyo hivyo. Gari limezeeka yadini nami nimeuziwa kwa bei ya leo.

Na suluhisho lao? Eti nilirudishe "wapige brashi ya waya na rangi nyeusi." Brashi ya waya itakwangua hata zinki iliyobaki, na rangi juu ya kutu haimalizi mwaka. Kitabu cha waranti nacho kimeandikwa kwa herufi za kupofusha macho kwamba kutu ya juu haihesabiwi. Mimi sidai ya juu wala ya chini. Nadai gari nililolipia.

Nataka bolti na vishikio vipya, vilivyobaki vipakwe nta ya kukinga kutu, na kila kitu kiandikwe na kupigwa muhuri. Wakikataa, Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 ipo. Gharama ya vipuri haifiki shilingi milioni 1, kwa hiyo Mahakama ya Madai Madogo inatosha. Picha ninazo, barua nimeshaandika, na simu zao sipokei tena: wajibu kwa maandishi.

Wenzangu wa Watamu, Mambrui na Kilifi mliochukua magari mapya mwaka huu, fungueni boneti leo, msome na tairi. Mkikuta kama yangu wekeni picha hapa chini. Twende tukiwa wengi.