Naomba ushauri kuhusu kitenzi "gam" cha Kisanskriti
Ndugu zangu wapenzi wa lugha, najifunza Kisanskriti peke yangu na nimekwama kwenye kitenzi gam, yaani kwenda, ambacho katika wakati uliopo hugeuka kuwa gacchāmi, gacchasi, gacchati, ilhali mzizi wenyewe hurejea katika gamiṣyati (atakwenda) na jagāma (alikwenda). Pāṇini, mwanasarufi wa kale wa India, anaeleza kwamba sauti ya mwisho ya mzizi hubadilishwa kuwa ch, kama ilivyo pia katika icchati (anataka) na yacchati (anatoa). Wanaisimu linganishi huona hapo kiambishi tamati cha kale, chenye asili moja na -sk- ya Kigiriki katika baskō, maelezo yanayoniridhisha zaidi. Je, anayeanza akariri kila umbo, au ashike kwanza kanuni hiyo? Mliokwisha kuipita njia hii, tafadhali nishaurini.