Ameniuzia rekodi za ziara ya The Police zenye tarehe za uongo, na sasa ananiambia niache ujuaji

Ndugu wanajukwaa, naomba mnivumilie kwa urefu wa uzi huu, kwa kuwa nimeuandika nikiwa na hasira ambayo siku nne za kusubiri majibu hazijaipunguza hata kidogo.

Mwezi uliopita nilimlipa muuzaji mmoja aliyeko Dar es Salaam shilingi 140,000 kwa ajili ya diski ngumu iliyotangazwa kuwa na maonyesho 40 ya The Police, bendi ya roki ya Uingereza, kutoka ziara yao ya mwaka 2007 na 2008, yote yakiwa yamerekodiwa na mashabiki wenyewe wakiwa ukumbini. Jina lake silitaji hapa, ingawa wapenzi wa roki ya zamani waliomo kwenye makundi ya WhatsApp watamtambua kwa matangazo yake. Mzigo ulipakiwa kwenye basi, nikaupokea stendi ya Nzuguni hapa Dodoma, nikarudi nao Kisasa kwa bodaboda nikiwa nimeuficha ndani ya koti kwa kuogopa vumbi. Laiti ningejua, ningeliacha hilo vumbi liingie.

Kwa wasiofuatilia, wanabendi watatu wa The Police, yaani mwimbaji Sting, mpiga gitaa Andy Summers na Stewart Copeland, walimaliza ziara yao kubwa mwaka 1984 na, mbali na kukutana jukwaani mara chache, hawakuzunguka tena pamoja hadi Mei 2007 walipoanzia Vancouver, Kanada, safari iliyokwisha New York tarehe 7 Agosti 2008. Mimi niliwajua kupitia kaseti ya kaka yangu, aliyeinunua akidhani ni reggae, na kwa kweli hakukosea sana.

Katika ziara hiyo nzima, onyesho nililokuwa nikilitafuta kwa miaka mingi ni la usiku wa tarehe 30 Mei 2007, la pili kwa umma pale Vancouver. Sababu ni kwamba Copeland mwenyewe, mpiga dramu wa bendi, aliandika kwenye tovuti yake mara tu baada ya onyesho hilo kwamba walicheza vibaya mno: gitaa la mwanzo na dramu vilipishana tangu wimbo wa kwanza, hawakufanikiwa kuyakuta mapigo, na hata mruko wa Sting haukukaa sawa. Msanii wa kiwango kile anapojianika hivyo hadharani, shabiki hutamani kuyasikia hayo makosa kwa masikio yake, na hakuna santuri ya dukani itakayompa nafasi hiyo, maana santuri rasmi ya ziara ile, iliyorekodiwa Buenos Aires tarehe 1 na 2 Desemba 2007, imepitia mikono ya mafundi kabla ya kutufikia. Yule aliyeingia ukumbini na kinasa sauti mfukoni ndiye pekee anayeweza kutuletea usiku ulioharibika ukiwa umeharibika vilevile.

Basi nikafungua faili lililoandikwa 30 Mei. Likaanza vizuri. Likaendelea vizuri. Gitaa na dramu vikaenda sambamba kama mataruma ya reli, na mimi nikakaa pale sebuleni nikisubiri kosa ambalo halikuja. Kwenye dakika ya nne mwanamke aliyekuwa karibu na maikrofoni akacheka, kisha mtu akapiga mluzi mara mbili. Nikafungua faili la tarehe 28 Mei, usiku wa kwanza, na kwenye sekunde ileile mwanamke yuleyule akacheka na mluzi ukapigwa mara mbili. Ni rekodi moja iliyonakiliwa na kupewa tarehe mbili.

Hapo usingizi ulikwisha. Faili la Tokyo la Februari 2008 nililinganisha na santuri rasmi ya Buenos Aires, ambayo ninayo nakala halali, nikakuta ni kitu kilekile hadi pumzi ya mwimbaji kati ya mistari. Faili la usiku wa mwisho wa New York nalo ni kichekesho, kwa sababu usiku ule bendi ya matarumbeta ya polisi halisi wa jiji hilo iliungana nao katika wimbo “Message in a Bottle”, ilhali kwenye faili langu hakuna hata tarumbeta moja. Ni onyesho la wapi basi? Hakuna anayeweza kunijibu, na hapo ndipo penye uovu wenyewe ninaoulalamikia.

Kila rekodi ya aina hii inapotoka kwa mwenyewe huambatana na faili dogo la maandishi, ambamo aliyerekodi hueleza tarehe, ukumbi, mahali alipokaa, maikrofoni na kinasa sauti alichotumia, jinsi alivyohamisha sauti kwenda kwenye kompyuta, na kwa kawaida humalizia kwa ombi kwamba rekodi igawiwe bure na isiuzwe. Muuzaji wetu ameyafuta maelezo hayo katika maonyesho yote 40. Ameyafuta kwa sababu yalikuwa yanamshtaki. Mahali pake ameweka namba yake ya simu, kana kwamba yeye ndiye aliyesimama saa mbili katikati ya umati bila kukohoa ili asiharibu sauti. Fedha yangu inaweza kurudi. Lakini mafaili hayo yenye tarehe za kubuni yameshauzwa kwa wengine, nao watawagawia wenzao, na baada ya miaka michache kutakuwa na watu wanaoapa kwamba Copeland alijisingizia.

Lipo pia suala la ubora. Alituahidi FLAC, yaani sauti isiyopunguzwa chochote. Nilipoyapitisha mafaili kwenye programu ya kuonyesha masafa ya sauti, karibu yote yalikatika kwenye hezi 16,000 kana kwamba mtu amepitisha panga, na hiyo ndiyo alama ya MP3 ya kiwango cha chini, yaani faili lililobanwa kwa kutupa sehemu ya sauti ambayo hairudi tena. Kwa maneno mengine, alichukua MP3 za saa mbili zenye megabaiti 115 hivi, akazigeuza kuwa FLAC ili zionekane nzito, akazipandishia bei. Sisi wa Dodoma tunaujua mchezo huo kwenye mvinyo wa zabibu: ukishautia maji, hata ukiuhamishia kwenye pipa kubwa zaidi, ladha hairudi.

Nilipomwandikia kwa adabu, nikimwekea ushahidi faili kwa faili, yeye ambaye kabla ya malipo aliniita “bosi wangu” alinijibu hivi: “Mzee, acha ujuaji, muziki ni muziki, sikiliza tu.” Nilipomwomba anirudishie fedha akanizuia kwenye simu.

Najua wapo watakaosema kwamba nami si msafi, kwa kuwa rekodi za mashabiki hazina kibali cha bendi, na kwamba nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999. Hoja hiyo ina uzito na sitaikwepa. Nilipaswa kushtuka pale kitu cha kugawiwa bure kilipowekewa bei, na tamaa ya ule usiku wa Vancouver ndiyo iliyonifumba macho. Hata hivyo, kosa langu la kununua halimpi yeye ruhusa ya kubandika “Tokyo” juu ya santuri halali ya watu na kuiuza.

Ninachotaka ni mambo mawili. Kwanza, kwa kuwa najua anapita humu kwa jina jingine, anirudishie shilingi 140,000 kabla ya Ijumaa ijayo, na diski yake nitaipandisha basi kwa gharama yangu. Asipofanya hivyo, nitaweka hapa orodha ya mafaili yote 40, nikionyesha lipi ni nakala ya lipi, ili waliouziwa wajue walichonacho. Pili, kama kuna mwanajukwaa mwenye ile ya tarehe 30 Mei ikiwa na maelezo ya aliyeirekodi, hata kama mtu amekohoa mwanzo mwisho, naomba anitumie ujumbe wa faragha. Nitaleta diski tupu mwenyewe popote alipo kati ya Kongwa na Manyoni.

Naomba kuwasilisha.