Tupeane uzoefu: mtoto kabaki nyuma darasani, ulimsaidiaje na ulijuaje kama anasogea?

Wakuu, salaam. Binti yangu yuko darasa la tatu, tunakaa Buhongwa, Mwanza. Ripoti ya muhula imeandikwa "aongeze bidii", basi. Juzi nikampa kitabu asome, akakwama kwenye "nywa". Yaliyowakuta tupeane. Wale wa "mchape" pumzikeni kwanza.

Mwalimu wa mwaloni
Mtaala wa 2015 uliweka KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) mbele darasa la kwanza na la pili. Shida inakuja mtoto akiingia la tatu hajui silabi: masomo yanaongezeka, hakuna wa kurudi naye nyuma.

Mimi niliwaita mezani mmoja mmoja: silabi, maneno, aya, hadithi, kama wanavyopima Uwezo, wale wa utafiti wa elimu. Pale anapokwama ndipo kundi lake. Wa silabi walikuwa 21, nikawa nabaki nao baada ya kengele, silabi nimeziandika kwa maka kwenye vizibo vya soda. Kila Ijumaa mtoto anasoma dakika moja, nahesabu maneno aliyopatia, najaza kaunta buku.

Kulikuwa na kijana mmoja: 14, 15, kisha 8, 7, kisha 17, halafu 9. Nikamwita mvivu, Mungu anisamehe. Siku moja nikatazama tarehe. Anaporomoka wakati wa giza, zile siku ambazo usiku hauna mwezi! Mliokulia huku mmeshaelewa. Giza ndilo la kuvulia dagaa kwa taa. Mitumbwi ikifika alfajiri yeye na bibi yake wako mchangani wanaanika. Darasani anafika macho mekundu. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, naye anasoma.

Bibi sikumgombeza, ndiyo riziki yao. Wiki za giza nikamhamishia zoezi lake baada ya uji wa saa nne. Muhula unafungwa, alikuwa 31.

Mama K, Kirumba
Wangu alikuwa "anasoma" vizuri tu, kumbe kakariri. Nilifunika picha, nikamwonyesha neno la katikati ya mstari: kimya. Twisheni nilikuwa nalipa kila siku, kumbe watoto wanaimba wote kwa pamoja, nani atajua asiyejua? Nikamtoa. Ukurasa mmoja kila jioni, wakati maharage yako jikoni.

Mjomba wa Igoma
Macho kwanza jamani. Wangu alikuwa haoni ubao, mwaka mzima tunamwita mzito. Miwani ilimaliza kesi.

Mwanzisha uzi
Asanteni sana. Mwalimu, nimempima jana kwa saa ya simu. Maneno 11.

Mwalimu wa mwaloni
11 ya kitabu cha darasa la ngapi?

Mwanzisha uzi
Cha la tatu.

Mwalimu wa mwaloni
Shuka mpaka la kwanza, mama, umpime upya. Na makosa yaandike, usihesabu tu. Nataka kujua anajikwaa kwenye silabi zipi.